Umeme wa Kulalia

"Shemeji, hiyo fyuzi si pipi. Nipe."

Mdogo wa mume wangu alikuwa amenyoosha mkono aipate fyuzi ya boti niliyoishika, na si mara ya kwanza. Nikamwambia ataipata akikubali inveta iwake usiku. Akasema haitawaka. Nikasema basi na boti haitoki. Akamgeukia kaka yake aamue, lakini kaka yake alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda akikunja kamba ambayo ilikwishakunjwa tangu asubuhi, na alivyoiinamia ungedhani ndiyo kwanza wanafahamiana.

Mizigo ilikuwa ndani, maji ya kunywa ndani, kifuniko cha tanga kimeshavuliwa. Upepo walioungojea wiki nzima ulikuwa umefika na ulikuwa unapuliza vizuri tu, bila kumngoja mtu. Sisi tulikuwa bado gatini tunagombania swichi.

Boti yenyewe ni ndogo. Ukisimama katikati ya kibanda na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na mtu mrefu kama shemeji yangu lazima ainamishe kichwa kila anapotaka kubishana. Mtaani wanamwita Waya. Kazi yake ni kutengeneza majokofu ya maduka, na hajawahi kupita karibu na kitu kinachotumia umeme bila kukifungua aone kuna nini. Umeme wote wa ile boti aliuweka yeye, kila kipande, na alikuwa anaulinda kama mtu anavyolinda mchumba.

Hoja yake ilikuwa hivi. Juu ya paa kuna paneli moja ya sola, chini ya kiti cha nyuma kuna betri mbili. Mchana jua linaingiza, usiku hakuna kinachoingia, ni kutoka tu. Kwa hiyo umeme wa usiku ni wa vitu vya kuwaokoa: taa ya mlingotini ili meli kubwa zisiwapande, redio, skrini ya ramani, na mtambo wa kushika usukani mtu akichoka. Inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ni ya starehe. Kuchaji kompyuta, kusaga juisi. Ameifungia swichi ya saa, jua likizama inajizima yenyewe, na yeye haoni ugomvi uko wapi. Akaniuliza kama nimepanga wapige pasi baharini, au labda samaki wamewaalika kwenye harusi na mashati yasiwe na mikunjo.

Hoja yangu mimi sikuweza kuisema, na hilo ndilo lililonichosha kuliko maneno yake.

Mume wangu anakatika pumzi usingizini. Analala, anakoroma, halafu koo linajifunga na kunakuwa kimya, hadi mwili ushtuke na kuitafuta pumzi upya. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Akiamka ni kama ametoka kushusha magunia. Kabla hatujajua ni ugonjwa gani, alisinzia kwenye taa za barabarani, mguu ukalegea kwenye breki, gari likajiendea polepole hadi likaingia mgongoni mwa lililokuwa mbele. Binti yetu alikuwa kiti cha nyuma amevaa sare za shule. Hakuna aliyeumia. Daktari akamwandikia mashine: sanduku la ukubwa wa mkate, mpira mrefu wa hewa, na maski ya kuvaa puani. Inasukuma hewa taratibu ili koo lisijifunge. Akilala nayo, asubuhi ni mtu. Akilala bila hiyo, usimkabidhi usukani wa kitu chochote, hata toroli.

Na sasa alikuwa anakwenda baharini siku kadhaa, hadi ghuba ya kusini na kurudi, wawili tu, kwa zamu. Mmoja ameshika usukani, mwingine amelala. Mashine isipowaka usiku, kesho yake angekuwa ameketi nyuma amelala macho wazi, na mdogo wake yuko chini kwenye kitanda anamwamini.

Mdogo wake hakujua lolote. Walilala chumba kimoja utotoni, na ni Waya aliyempa kaka yake jina la Trekta, kwa alivyokuwa akikoroma. Ukoo ukalipokea kwa mikono miwili. Hata siku ya harusi yetu msemaji wa upande wao alianza nalo, watu wakacheka, mume wangu naye akacheka, mimi ndiye niliyeona mkono wake ulivyoshika kitambaa cha meza. Ni mpima ardhi, ana watu chini yake, akinyoosha kidole watu wanahamisha ukuta. Lakini akikaa na Waya anarudi kuwa yule wa chumba kimoja. Akaniomba nisiseme. Hataki, alisema, ndugu wajue kwamba Trekta siku hizi imefungiwa bomba. Nikakubali kwa sharti moja: mashine iwake kila usiku, isipowaka hakuna safari.

Kwa hiyo wakati wote walipokuwa wakiijenga ile boti, Jumamosi kwa Jumamosi, alimwambia mdogo wake anataka inveta kwa ajili ya kompyuta. Afanye kazi zake za ramani kitandani. Swichi ya saa Waya aliifunga juzi tu, kama zawadi, akidhani anamsaidia kaka yake asisahau kuzima.

Nikaona kubishana hakutufikishi. Kazini ninasimamia chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji, na pale tukibishana kuhusu mashine tunaiwasha. Nikairudisha fyuzi mahali pake mwenyewe, nikamwambia Waya aichomoe hiyo swichi yake ya saa kwa muda, tuipe inveta kazi sasa hivi mchana tuone inakula kiasi gani. Akaniuliza kazi gani. Nikamwambia achomeke chuma chake cha kulehemu, kinakula karibu sawa.

"Karibu sawa na nini?"

Mume wangu akaacha kukunja kamba.

Nikasema karibu sawa na kitu chochote kidogo, taa, kompyuta. Waya alinitazama, akamtazama kaka yake, kisha akachomeka chuma, kwa sababu mtu wa aina yake akiona soketi na plagi hawezi kuziacha mbali mbali. Tukakaa tukisikiliza feni ya inveta. Chuma kikapata moto, harufu ya risasi ya kulehemu ikajaa kibandani. Tukaendelea kukaa. Boti ya jirani walikuwa wanasugua rangi ya zamani kwa msasa na mmoja wao anaimba vibaya.

Halafu inveta ikaanza kulia. Mlio mmoja, mwembamba, wa kutoboa sikio. Taa yake ikawa nyekundu, ikazima.

Nikasema haya, betri zako hizo, hazimalizi hata chai ya asubuhi. Waya akaudhika kwelikweli. Akainua ubao wa kiti cha nyuma, akachukua kipima volti, akaniita nisome mwenyewe. Betri zilikuwa zimejaa. Akatambaa hadi mbele, kwenye ncha ya boti ambako kuna kitanda cha mume wangu na inveta imefungwa ukutani kichwani pake, akamwambia kaka yake awashe tena, akapima pale inapoingia. Pale umeme ulikuwa umepungua vya kutosha kuiogopesha inveta. Umeme ulikuwa unachoka njiani. Kutoka betri za nyuma hadi kitanda cha mbele ni urefu wa boti nzima, na waya aliotumia ulikuwa ule uliobaki walipoweka taa za bafuni kwetu. Mwembamba, wa nyumba. Kwa kuchaji kompyuta unatosha. Kwa kitu chenye moto, hapana: inveta inadhani betri zimekwisha na inajifunga kwa heshima.

Kosa la waya lilikuwa lake, na alilikubali haraka, kwa sababu alikuwa na la kwake la kusema.

"Kaka, mimi nilikuambia inveta ikae karibu na betri. Tulibishana Jumamosi nzima. Ukasema hapana, iwe kichwani mwa kitanda chako, hata kama waya utazunguka dunia. Na leo shemeji anataka iwake usiku kucha." Akakaa chini pale pale alipokuwa, magoti yakigusa kidevu. "Kuna nini kichwani mwa kitanda chako?"

Mume wangu aliinuka, akachukua begi lake la nguo, akatoa sweta mbili, taulo, na chini ya taulo akatoa mashine. Akaiweka juu ya meza ya ramani, mpira akaunyoosha, maski akaiweka pembeni na uso wake ukitazama juu.

"Nalala na hii," akasema.

Akaeleza kwa sauti ile anayowaelezea wateja mpaka wa kiwanja: koo, pumzi, daktari, gari. Habari ya gari Waya alikuwa anaijua, aliambiwa breki zilikuwa mbovu. Alifumbua mdomo aseme neno, na mimi nikajua ni neno gani, na nadhani kaka yake naye alijua, maana alisimama pale akilingoja kama mtu anayengoja sindano. Waya akafunga mdomo. Akaichukua maski, akaigeuza geuza.

"Ulidhani ningefanya nini?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," Waya akakubali. "Halafu ningekufanyia kazi inavyotakiwa. Jumamosi zote hizo, kaka, nakuvutia umeme wa kompyuta."

Alikuwa amekasirika, na si kwa ajili ya usalama wake, ingawa angekuwa na haki. Alikasirika kama fundi aliyepewa vipimo vya uongo. Akashika adapta ya mashine, lile tofali jeusi linalokaa katikati ya waya, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha asome maandishi. Akasoma mara mbili. Akacheka sasa, lakini hakuwa anamcheka mtu.

Mashine ilikuwa inatumia volti kumi na mbili. Umeme wa betri, kama ulivyo. Nyumbani ile adapta ndiyo inayoushusha umeme wa ukutani uwe mdogo. Kwenye boti, akatueleza, tulikuwa tunachukua umeme mdogo, tunaupandisha ghorofani kwa inveta, halafu adapta inaukamata inaushusha tena chini ulikotoka, na wote wawili wanaonja njiani. Inveta inaonja hata ikiwa imekaa bure. Kaka yake alikuwa amening'inizia kichwani mwa kitanda mlafi asiyehitajika, kwa sababu ya aibu.

Baada ya hapo hakuna aliyebishana, kulikuwa na kazi. Waya akafungua inveta ukutani, akaivua na misumari yake, mimi nikaipokea nikaitoa nje nikaiweka gatini na ile swichi ya saa juu yake. Kompyuta ya kazi ilikuwa haiendi popote, kwa hiyo hakukuwa na cha kuchajiwa. Alikuwa na waya mnene wa akiba aliouweka kwa ajili ya taa ya nanga. Wakaupitisha chini ya sakafu, mmoja anasukuma nyuma, mwingine anavuta mbele, wakipiga kelele za "vuta", "ngoja", "nimesema ngoja". Akaweka fyuzi yake ndogo upande wa betri, akaweka soketi kichwani, akakata waya wa adapta na kuufunga plagi mpya. Hapo niliuma meno, maana adapta hiyo ilikuwa haina mwenzake. Akapima pande zote kabla ya kuniruhusu nichomeke, ncha chanya na hasi, mara ya pili na ya tatu. Kwa hilo nilimheshimu.

Mashine ikawaka. Haikulia, haikuwa na feni ya kelele. Nikamwaga maji ya kile kitangi chake cha chini na kukizima, kwa sababu kinapasha maji joto ili hewa isikaushe koo, na moto ndio unaokula umeme kuliko kazi yenyewe. Nikamwambia mume wangu hewa ya baharini ina unyevu wa kutosha, na akiamka mdomo umekauka kuna maji ya kunywa.

Kisha nikamwambia alale.

Akauliza sasa hivi, mchana huu, na watu wanapita gatini. Nikasema ndiyo, sasa hivi, ama alale hapa ama akalale nyumbani. Akavua viatu. Akajivisha maski akitugeuzia mgongo, akajilaza akielekea ukutani kama mtoto aliyenuna. Usiku uliotangulia hakufumba jicho kwa furaha ya safari, kwa hiyo hakuchukua muda. Waya na mimi tulikaa kwenye meza ya ramani tukitazama kipima umeme. Namba ilikuwa ndogo na ilitulia. Waya akapiga hesabu kwa vidole akaniambia itakula usiku mzima, na taa, na redio, na paneli itarudisha vyote kabla jua halijafika utosini. Alikuwa ameridhika. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu azaliwe hajawahi kukaa chumba kimoja na kaka yake aliyelala kukiwa kimya namna ile.

Hapo ndipo mume wangu alipogeuka, mkono ukapanda wenyewe usoni, akaivua maski. Huwa anafanya hivyo. Hajui, na ukimwambia anakataa.

Mashine ikaanza kuvuma, hewa ikimwagika bure shingoni mwake. Yeye akaanza kukoroma. Waya akatabasamu, ile sauti alikuwa anaifahamu kuliko mimi. Akainuka aende kumvisha. Nikamshika mkono nikamwambia asubiri.

Mkoromo ukapanda, ukapanda, ukakatika.

Kimya. Kifua kilikuwa kinajaribu, unaona kinainuka kidogo, lakini hakuna kilichokuwa kinaingia. Boti ya jirani walikuwa bado wanasugua. Waya alinigeukia na uso wake ulikuwa umebadilika, akaniambia, shemeji, hapumui. Nikasema najua. Akajaribu kunitoka mkononi. Nikamshika zaidi. Nilitaka aone mpaka mwisho, na sijali kama ulikuwa ukatili. Mwisho ulikuja kwa kishindo, mwili mzima ulishtuka, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani, na akaanza kukoroma upya bila kuamka.

Nikamwachia mkono. Nikasema sasa kamvishe.

Alimvisha vibaya, kamba za kichwani zikiwa zimepindana, lakini hewa ilifika. Mvumo ukanyamaza. Waya akatoka nje akaketi kwenye kiti cha nyuma, juu ya betri zake, akiutazama mlingoti.

Nilipotoka aliniambia waiache safari. Atamwambia kaka yake kwamba upepo umegeuka, au kwamba ametia shaka juu ya usukani, atasema chochote, lawama atachukua yeye. Umeme si tatizo tena, alisema. Tatizo ni kwamba yeye atakuwa huku nyuma ameshika usukani na mawimbi, na kaka yake yuko kule mbele anafanya vile.

"Nani atamwangalia?"

"Wewe," nikasema. "Mimi namwangalia kila siku na nina kazi asubuhi."

Nikamweleza kwamba si lazima akae macho juu yake. Maski ikitoka mashine inavuma, amesikia mwenyewe, na kwenye boti ndogo namna hii mvumo ule unafika nyuma. Akiusikia, awashe mtambo wa usukani, ashuke, amvishe, arudi. Kazi ya muda mfupi. Ugumu wake ni kuifanya gizani, kwa hiyo tungeijaribu hapo hapo.

Tukarudi ndani. Nikamwambia afumbe macho. Nikamvua mume wangu maski, nikampa yeye. Mara ya kwanza alimvisha juu chini, pua ikawa nje. Nikaivua. Mara ya pili aliifikisha puani lakini alisahau kamba ya nyuma. Nikaivua tena. Alikuwa anatokwa jasho. Nikamwambia atafute kwa kidole kile kitambaa kinene, hicho ndicho cha kisogoni, kikikaa vizuri vingine vinafuata. Akapapasa, akakipata, akainua kichwa cha kaka yake kwa kiganja, polepole, akakipitisha nyuma, akashusha kichwa juu ya mto. Akavuta kamba za mashavuni. Akaweka sikio karibu asikilize kama kuna hewa inayovuja.

Mume wangu alikuwa amefumbua macho. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akavua maski, akauliza tunamfanya nini.

"Anajifunza kukuvisha," nikasema.

Akasema yeye si mtoto. Nikamwambia angekuwa mtoto nisingemwachia Waya. Kisha nikamweleza alichokifanya usingizini na alichokiona mdogo wake, na kwamba mdogo wake sasa anataka wabaki. Sikupunguza neno. Alipokea kwa kutazama soketi mpya kichwani pake. Akauliza betri zinatosha. Nikasema zinatosha na kubaki. Akamuuliza Waya kama ni kweli anaogopa.

Waya akasema ndiyo.

Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo kwa kaka yake. Mume wangu naye hakuwahi, nadhani, maana alikaa kitandani miguu ikining'inia, akimtazama. Akasema kwamba na yeye alikuwa anaogopa, tangu wiki iliyopita, na alikuwa amepanga kutolala kabisa siku zote hizo ili Waya asimsikie. Waya akamwambia hiyo ndiyo akili mbovu kuliko zote alizowahi kusikia, na amesikia nyingi, ameishi na wenye maduka.

Nilikuwa nimesimama katikati yao, kichwa kikigusa paa. Niliitazama ile maski mkononi mwa mume wangu, kamba zake zimekaa sawa. Asubuhi ile nilikuwa nimekuja kuizuia safari nikiwa na sababu nzuri. Sasa yule aliyetakiwa kufahamu alikuwa anafahamu, na aliyefahamu alikuwa anaogopa kiasi kinachofaa. Zaidi ya hapo sikuwa na la kungoja. Wakikaa mpaka kesho watapata sababu nyingine, na upepo utakuwa wa watu wengine.

"Nendeni," nikasema.

Waya akaanza kusema labda wapumzike kwanza. Nikapanda ngazi, nikaruka gatini, nikafungua kamba ya nyuma nikamrushia kifuani alipotokeza kichwa. Akaidaka. Mume wangu akatoka miguu mitupu akakimbilia usukani. Nikaenda mbele, nikafungua ya pili, nikaitupa juu ya sitaha, nikaweka mguu ubavuni mwa boti na kusukuma.